Kabla Hujafunga Turbo
Hotuba kwa makanika na wenye magari, Kampala

Waheshimiwa wageni, wazee wa gereji, makanika wenzangu, dada zangu mlio kwenye mafunzo, na nyinyi vijana mliojaza magari uwanja wa nje: hamjambo. Nimepita hapo nje nikitazama. Nimeona magari ya Toyota: Altezza kadhaa, Mark X, Mark II ya zamani iliyotunzwa vizuri kuliko nyumba za watu, na Subaru moja ambayo mwenyewe ameniomba nisiiguse. Sitaigusa.

Nimeombwa nizungumze juu ya kufunga turbo kwenye injini ambayo haikuzaliwa nayo. Swali hili naletewa gereji mara kwa mara, na huja hivi: "Mzee, turbo inafungwa kwa shilingi ngapi?" Nami humrudishia aliyeuliza: "Kijana wangu, injini yako ina kompresheni ngapi?" Hapo ananyamaza. Leo nitakaa zaidi kwenye swali langu kuliko lake, maana bei ya turbo ndiyo sehemu ndogo ya gharama, na asiyejua hali ya injini yake ananunua njia ya haraka ya kuiua.

Chombo chenyewe hiki hapa mezani. Kitapita mikononi mwenu baadaye kidogo, na ningeomba kirudi. Wazo lake ni la zamani: mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza yake mwaka 1905. Moshi unatoka kwenye silinda ukiwa na moto mkali, na injini ya petroli ikifanya kazi nzito moto huo hufika nyuzi 800 au 900. Badala ya kuuacha upotee kwenye eksozi, tunaupitisha kwenye gurudumu hili. Gurudumu linazungusha shafti, na upande wa pili wa shafti kuna gurudumu la kompresa linalovuta hewa safi na kuisukuma ndani ya injini. Injini yako ikiwa kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, shafti hii iko juu ya 100,000, na turbo ndogo hupita 200,000. Kwa kasi hiyo hakuna chuma kinachogusa chuma. Shafti inaelea juu ya utando mwembamba wa oili, na hilo naomba mlikumbuke tutakapofika kwenye mabomba.

Kwa hiyo turbo inaleta hewa, basi. Haileti petroli, haipangi moto wa plagi, haipozi kitu. Yeyote aliyewahi kupuliza sigiri anajua kwamba pumzi peke yake haiivishi maharage, lazima mkaa uwepo. Injini inayotembea kawaida hutaka kama kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Ikisukumwa na turbo tunaipa petroli zaidi ya hapo, kilo moja kwa kila kilo 11.5 au 12 za hewa, na ile ya ziada kazi yake kubwa ni kupoza. Sasa kama pampu ya petroli na injekta zako, zile pua zinazopuliza petroli, zilipimwa kiwandani kwa injini isiyo na turbo, zitafika kikomo wakati hewa bado inaongezeka. Mchanganyiko unakuwa mkavu, moto unapanda, na pistoni ya aluminiamu inaanza kuyeyuka ukingoni. Dereva hajui lolote. Kwa wakati huo anafurahi tu kwamba gari linavuta.

Tuje kwenye jambo ambalo vitabu vya Japani havituelezi kwa sababu havikuandikwa kwa ajili yetu: tunaishi juu. Kampala iko karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Mombasa, hewa inakandamiza kwa PSI 14.7, yaani paundi kwa kila inchi ya mraba. Hapa kwetu ni karibu PSI 12.8. Maana yake Altezza ya gia za mkono, iliyotajwa kuwa na nguvu za farasi 210, ikifika Kampala imeshaacha zaidi ya farasi ishirini njiani, na haina ugonjwa wowote. Ikipanda Kabale, karibu mita 2,000, inaacha na nyingine. Mnaosafiri barabara ya Mbarara mnaijua hali hiyo: gari lile lile, mzigo ule ule, lakini mlimani linahema.

Ndiyo maana turbo ina maana zaidi kwetu kuliko kwa mtu wa pwani. Inaturudishia hewa ambayo kimo kimetunyima. Hapo vijana hupiga makofi, lakini tupige hesabu pamoja kwanza. Geji ya busti, ile mnayoibandika kwenye nguzo ya kioo, inasoma presha iliyozidi hewa ya nje. Ikisoma PSI 6 mjini Mombasa, ndani ya manifoldi, bomba linaloingiza hewa kwenye silinda, kuna 14.7 na 6, jumla 20.7. Ikisoma PSI 6 hiyo hiyo Kampala, ndani kuna 12.8 na 6, jumla 18.8. Sindano iko pale pale na hewa si ile ile. Kijana anayesoma mtandaoni kwamba mtu wa Ulaya amepata farasi kadhaa kwa PSI 6, kisha akafungua busti hadi afikie nguvu hizo hizo hapa, anaizungusha turbo kwa kasi kubwa zaidi ya yule wa Ulaya. Kompresa yake inazidisha hewa nyembamba mara nyingi zaidi, na hewa ikibanwa zaidi inachemka zaidi.

Inachemka kiasi gani? Chukua hewa ya mchana wa Kampala, nyuzi 27. Ibane kwa PSI 6 kwa kompresa ya kawaida iliyo nzima. Inatoka ikiwa na nyuzi 75 hadi 80. Hiyo ni kabla haijaingia kwenye silinda, kabla haijabanwa tena na pistoni. Ndiyo sababu ya kuwa na intakula, yaani kile kipoza hewa kinachokaa mbele ya rejeta. Na kwa barabara zetu nyongeza ni hii: intakula inataka upepo. Ukikwama kwenye foleni pale Clock Tower saa kumi na moja jioni hakuna upepo, kuna joto la eksozi ya teksi iliyo mbele yako. Ukitoka hapo ukakanyaga mafuta ghafla, umeipa injini hewa ya moto kuliko wakati wowote mwingine wa siku. Mpe intakula dakika moja ya mwendo kwanza.

Sasa lile swali langu. Kompresheni ina sura mbili, na makanika wengi wanaichanganya. Ya kwanza ni uwiano wa mgandamizo uliopangwa kiwandani: pistoni inaibana hewa mara ngapi. Injini ya Altezza RS200, ile 3S-GE ya lita mbili, ina uwiano wa 11.5 kwa 1. Mark X ya lita mbili na nusu, injini ya 4GR-FSE, ni 12 kwa 1. Linganisha na injini za Toyota zilizozaliwa na turbo miaka ile: 1JZ-GTE ya kwanza ilikuwa na 8.5, na 3S-GTE ya Celica GT-Four ya mwisho pia 8.5. Toyota hawakupunguza namba hizo kwa kusahau. Walijua hewa inakuja ikiwa imeshabanwa na turbo, wakaacha nafasi. Ukifunga turbo juu ya 11.5 bila kubadilisha kitu, hewa inabanwa mara mbili, inapata moto, na petroli inalipuka yenyewe kabla plagi haijamaliza kazi yake. Huko ndiko kugonga. Sauti yake ni kama kokoto ndani ya kopo, na katika injini yenye turbo unaweza usiisikie mpaka ringi za pistoni zimevunjika.

Wamarekani walilipia somo hili mapema. Mwaka 1962 Oldsmobile walitoa Jetfire, moja ya magari mawili ya kwanza kuuzwa kwa umma yakiwa na turbo. Waliacha uwiano wa mgandamizo juu, 10.25, wakasukuma PSI 5 hivi. Ili isigonge, walifunga tangi dogo la maji yaliyochanganywa na methanoli, na injini ikawa inapuliziwa mchanganyiko huo kila turbo inapofanya kazi. Mwenye gari alitakiwa kulijaza tangi. Wengi hawakujaza. Kampuni ikaishia kuyang'oa turbo magari mengi na kuyafungia kabureta ya kawaida. Mteja wa Kampala, ambaye namkumbusha kubadilisha oili nikapigiwa simu miezi mitatu baadaye kwamba taa nyekundu inawaka, atajaza tangi la methanoli? Nasikia mnacheka. Wenye magari hawacheki.

Petroli nayo imo humo humo. Japani, petroli ya daraja la juu huuzwa ikiwa na okteni, kipimo cha kustahimili kugonga, karibu 100, na injini kama ya Altezza ilipangwa ikitegemea petroli ya daraja hilo. Soma namba iliyoandikwa kwenye kituo unachojazia, kisha uendelee kujaza hapo hapo. Injini iliyopangiwa mafuta mazuri mjini haitakusamehe ukiijaza petroli ya jerikani njiani kuelekea Moroto.

Najua kuna atakayesimama kuniambia kwamba magari ya siku hizi yana turbo na uwiano wa 10 au zaidi. Ni kweli. Yamezaliwa hivyo: petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, pistoni zake zinapozwa kwa oili kutoka chini, kompyuta inasikiliza kila mlipuko. Huyo huyo ataniambia Mark X nayo inapuliza moja kwa moja. Kweli pia, na ndiyo inayonifanya nisiishauri kabisa. Injekta zake zinafanya kazi kwa presha kubwa mno, huwezi kwenda soko la vipuri la Kisekka ukachagua kubwa zaidi kwenye sanduku. Mwenye Mark X, baba, endesha Mark X yako. Ni gari zuri kama lilivyo.

Sura ya pili ya kompresheni ni afya ya injini yako wewe, si ya kitabuni. Altezza ilikoma kutengenezwa mwaka 2005. Tangu 2018 sheria yetu inakataza kuingiza gari lililopita miaka 15 tangu litengenezwe. Piga hesabu: hakuna Altezza changa Uganda. Iliyo changa kuliko zote hapo nje imepita miaka ishirini, na imetembea Japani, imetembea hapa, pengine na geji ya kilomita imerudishwa nyuma katikati. Kwa hiyo kabla ya turbo, pima. Washa injini ipate moto wake wa kawaida, zima. Toa plagi zote, si moja moja. Kata petroli na moto wa koili. Mtu mmoja akanyage mafuta hadi chini ili hewa iingie wazi, apige stata, nawe usome geji kwenye kila silinda. Namba kubwa inafurahisha, lakini mimi natazama zaidi kama zinafanana. Silinda moja ikiachana na nyingine kwa zaidi ya asilimia kumi, acha. Mimina kijiko kimoja cha oili kwenye ile dhaifu, pima tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, tatizo liko kwenye vali au gasketi. Injini ya namna hiyo inaomba ukarabati. Ukiifungia turbo, presha itapita kwenye ringi, itajaza sampu (bakuli la oili chini ya injini), itasukuma oili kila mahali, na lawama zitakwenda kwa turbo.

Chukueni sasa, pitisheni. Kila mmoja ashike shafti kwa vidole viwili. Itikiseni juu na chini: inacheza kidogo, sivyo? Msishtuke. Turbo ya beringi za kuelea ikiwa kavu lazima icheze hivyo, ile nafasi ndiyo ya oili. Sasa ivuteni mbele na nyuma, kuelekea kwenu na kutoka kwenu. Hapo isiwepo hata hisia ya mchezo. Ikicheza mbele na nyuma, beringi ya kuzuia msukumo imekwisha, rudisha kwa muuzaji, hata kama ameipaka rangi ya fedha ikang'aa. Kisha washeni tochi ya simu, tazameni ndani ya nyumba ya kompresa. Mnaona mstari uliokwaruzwa kuzunguka ukuta? Hapo gurudumu liligusa. Na tazameni ncha za mapanga: zimeliwa, zimekuwa butu. Hiyo ni murram. Turbo hii ilitoka kwenye gari lililofungwa filta ya wazi, ile ya kichwa cha koni mnayoipenda kwa mlio wake, likawa linatembea barabara za vumbi. Chembe ya vumbi jekundu ikigonga panga linalozunguka mara laki moja kwa dakika haina tofauti na msasa. Boksi la filta la kiwandani, lenye mfuniko, libaki.

Oili. Turbo inataka oili safi inayoingia kwa presha, na njia ya kurudi inayoshuka. Nasisitiza kushuka. Oili ikitoka kwenye turbo haina presha tena, inarudi sampu kwa uzito wake tu. Bomba la kurudi liwe nene, lisipinde kwenda juu popote, na liingie sampu juu ya kina cha oili. Likiingia chini yake, oili inakwama, inajaa ndani ya turbo, inapita kwenye sili, na gari linatoa moshi wa buluu. Nimeona watu wakibadilisha turbo tatu mfululizo kwa ajili ya bomba lililochomelewa sentimita chache chini ya mahali pake. Ukifika nyumbani baada ya mwendo mkali, usizime papo hapo. Iache iungurume taratibu dakika moja au mbili, maana ukizima, oili iliyobaki kwenye beringi za moto inaungua na kuwa masizi.

Manifoldi ya eksozi tunaweza kuitengeneza hapa hapa, na wachomeleaji wa Katwe nawaheshimu sana. Ila waambieni ukweli wa kazi: bomba hilo litabeba uzito wa turbo likiwa jekundu kwa moto, kisha litapoa, kila siku. Linataka chuma kinene na mkono wa kuishikilia turbo kutoka kwenye bloku. Bomba la kawaida la eksozi litapasuka kwenye mshono.

Kuhusu busti yenyewe: westigeti, vali inayopunguza moshi unaokwenda kwenye turbine, lile gurudumu la upande wa moshi, ina springi, na springi hiyo ndiyo inayoamua busti ya chini kabisa. Anza na springi laini na ubaki hapo. Usifunge kidhibiti cha kuongeza presha siku ya kwanza. Usiendeshe hata kidogo kwa busti kabla kompyuta ya injini haijapangwa upya na mtu mwenye kipima mchanganyiko kwenye eksozi, anayejua kuchelewesha moto wa plagi presha inapopanda. Vile visanduku vya kuidanganya kompyuta ya zamani sivipendi. Vinafanya kazi mpaka siku hali ya hewa inapobadilika.

Milio ya risasi kwenye eksozi, najua mnaisubiri. Katika rali ina kazi yake: petroli inaunguzwa ndani ya manifoldi ili turbo isipunguze kasi dereva anapoachia mafuta. Timu ya rali ina bajeti ya kubadilisha turbo. Wewe una mkopo wa SACCO. Na kama mnataka kujua hewa ina thamani gani kwa watu wa rali, mwaka 1995 timu ya Toyota ilifungiwa mashindano ya dunia mwaka mzima baada ya kukutwa Hispania na kizuizi cha hewa cha turbo kilichotengenezwa kwa ujanja ili kipitishe hewa zaidi ya iliyoruhusiwa. Walihatarisha jina lao lote kwa ajili ya hewa.

Breki nitasema kwa ufupi kwa sababu hesabu yake ni fupi. Ukitoka kasi ya 80 kwenda 120, breki zina kazi mara mbili na robo, si mara moja na nusu. Diski na pedi zije kabla ya turbo, pamoja na matairi. Barabara ya haraka ya Entebbe ina kikomo cha 100, na polisi wake wapo. Kampuni ya bima nayo iambiwe kwa maandishi kwamba injini imebadilishwa. Ukikaa kimya umewapa sababu ya kukataa kulipa.

Mimi ningefanya nini? Kwa wengi walio humu, ningetafuta injini iliyozaliwa na turbo, ikiwa na kompyuta yake, nyaya zake na gia zake, nikaihamishia kwenye gari. Altezza inakubali 3S-GTE, na wengine wanaweka 1JZ. Kazi ni kubwa, lakini kila kitu ndani ya injini hiyo kilikwisha kupangwa na watu waliokuwa na maabara. Anayeng'ang'ania injini yake mwenyewe, na imepima vizuri, namwambia PSI 5 au 6, intakula, injekta, pampu, na mpangaji mzuri wa kompyuta. Kwa hesabu ya karatasi, PSI 6 hapa Kampala inakupa hewa karibu robo zaidi ya ile ambayo injini ingepata ikiwa Mombasa bila turbo. Joto na kucheleweshwa kwa moto vitakula sehemu yake. Kinachobaki bado kitakukandamiza kitini.

Turbo yangu imefika wapi? Sawa, iletwe mbele. Mwenye Altezza nyeupe amekubali tupime kompresheni yake hadharani, na injini bado ina moto. Dada mwenye ovaroli ya buluu, wewe utakanyaga mafuta na kupiga stata. Anayejua kutoa plagi za 3S bila kuvunja waya wa koili atangulie nje. Maswali tutayajibu tukiwa na geji mkononi.